AFYA YA JAMAA: Sauti ya Pumzi Njema

Mzazi aliyezoea kuweka sikio mgongoni mwa mtoto mwenye siha ndiye atambuaye upesi siku mtoto huyo auguapo. Pumzi njema kifuani ni laini, mfano wa upepo upitao majanini; kuvuta husikika kwa muda mrefu kuliko kutoa, na pande zote mbili hulingana. Kooni mvumo ni mkavu na wa nguvu zaidi, nao si ugonjwa. Mlio wa filimbi, au wa kupasukapasuka kama chumvi motoni, huo ndio wa kutiliwa shaka.

Mwaka 1816 tabibu Laennec wa Ufaransa aliviringisha karatasi, akiona haya kuegemeza sikio kifuani mwa mgonjwa wa kike. Mama hana haya hiyo kwa mwanawe. Ila sikio lisimdanganye, kwani nimonia yaweza kujificha. Na ahesabu pumzi dakika nzima, mtoto akiwa ametulia: zikifika 60 kwa asiyetimiza miezi 2, 50 kwa asiyetimiza mwaka, au 40 kwa aliye chini ya miaka 5, au kifua kikibonyea chini ya mbavu avutapo pumzi, safari ya zahanati isingoje baba atoke lindoni.