Rudisheni simu ya upepo vijijini

Kamati ya maafa ya kijiji chetu ina kundi la WhatsApp, na huo ndio mpango wake wote wa mawasiliano. Mvua ikizidi huko juu, mtu ataandika. Maji yakianza kupanda, mtu atapiga picha. Sisi wengine tutasoma, tutoe watoto na magunia ya mpunga. Mimi ni mkunga mstaafu, kazi yangu nimeifanya kandokando ya Mto Rufiji, na nasema waziwazi kwamba mpango huo utatuangusha.

Tuutazame mwaka 2024 peke yake. Mwezi wa Aprili mto ulifurika, Rufiji na Kibiti zikaingiwa na maji, watu wakahama nyumba zao. Tarehe 4 Mei kimbunga Hidaya kikafika Mafia, mkabala na delta yetu. Tarehe 12 Mei nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zikakatika, na nchi nzima ikahangaika na intaneti. Mungu alituhurumia, mambo hayo yakaja moja baada ya jingine. Siku yakija yote usiku mmoja, lile kundi la kamati litakuwa kimya, na hakuna atakayejua kama ukimya huo ni wa usalama au wa kifo.

Mnara wa simu unategemea umeme. Umeme ukikatika unategemea betri, kisha jenereta, na jenereta inataka mtu wa kuipelekea mafuta katika barabara iliyozama. Hata ukibaki na nguvu, unahitaji kiungo cha kuufikisha kwenye minara mingine na mitambo mikuu. Tena siku ya janga kila mtu hupiga simu kwa wakati mmoja, na mtandao hulemewa hata pale ambapo hakuna kilichoharibika. Jambo hili haliwapati maskini peke yao. Kimbunga Katrina kilipoipiga pwani ya kusini ya Marekani mwaka 2005, minara ya simu zaidi ya 1,000 ilizimika.

Marekani hiyohiyo ina kitu ambacho ningependa tukiige. Wanakiita CB, redio ya mawasiliano ya raia. Ni kiredio kidogo chenye chaneli 40, katika masafa ya megahezi 27, nguvu yake kwa sauti ya kawaida haizidi wati 4, na mwenye nacho hahitaji leseni yake binafsi. Madereva wa malori ndio waliokipa umaarufu miaka ya 1970, wakiambizana habari za mafuta na za barabara. Chaneli ya 9 imetengwa kwa dharura tangu mwaka 1970. Hata kabla ya hapo, mwaka 1962, mjini Chicago kilianzishwa chama cha REACT, watu wa kujitolea ambao kazi yao ni kukaa na kusikiliza kama kuna anayeomba msaada. Hakuna mnara, hakuna vocha, hakuna kampuni katikati. Redio mbili, antena mbili na betri ya gari ya volti 12, basi.

Kwetu jambo hili si geni. Kituo chetu cha afya kilikuwa na simu ya upepo, ile kubwa ya mezani, iliyokuwa ikifika mbali zaidi ya hiyo CB. Kila siku saa mbili asubuhi kituo kikuu kiliita vituo kimoja kimoja: “Unanisoma?” Nasi tulijibu: “Nakusoma vizuri, ovaa.” Ilichukua dakika chache tu. Asiyejibu leo aliitwa tena jioni, na asipojibu jioni alitumiwa mtu kwa mtumbwi kwenda kumtazama. Hapo ndipo ninapotaka viongozi wetu wasikilize kwa makini: ule utaratibu wa kuitana ulifanya hata kunyamaza kwa kituo kuwe taarifa. Katika simu ya mkononi, nani anagundua kwamba kijiji fulani hakijasema neno tangu jana?

Na kulikuwa na faida nyingine. Simu ya mkononi huzungumza na mtu mmoja. Simu ya upepo huzungumza na wote waliowasha. Usiku mmoja nilikuwa namweleza daktari habari za mama aliyekuwa akivuja damu baada ya kujifungua. Nahodha wa boti, aliyekuwa kituo kingine kabisa, alisikia. Hakungoja kuambiwa. Daktari alipomaliza kunipa maelekezo, nahodha aliingia hewani akasema ameshatia mafuta, tumteremshe mama gatini. Yule mama yu hai. Kwa simu za leo ningempigia daktari, daktari ampigie mganga mkuu, mganga mkuu amtafute nahodha, na nahodha labda chaji imeisha.

Jirani zetu wa Uganda walilielewa jambo hili. Mwaka 1996, wilayani Iganga, mradi wa RESCUER uliwapa wakunga wa jadi redio za mkononi ili wawasiliane na vituo vya afya na kuita gari la wagonjwa. Kwetu, simu za mkononi zilipofika tulishangilia, na haki tulikuwa nayo. Lakini antena ikashushwa, redio ikatupwa stoo, na utaratibu wa saa mbili asubuhi ukafa siku hiyohiyo.

Nimeshaambiwa kwamba redio hizi hazifiki mbali. Ni kweli, CB hufika kilomita chache, ikibahatika kumi au ishirini, na mlima huikata. Rufiji ni tambarare. Antena ikifungwa juu ya mnazi au mlingoti mrefu, kijiji kitakifikia kijiji cha jirani, nacho kitapeleka neno mbele, mpaka wilayani. Nimeambiwa pia kwamba watu watazigeuza za soga. Wataongea, na waongee, maana redio inayotumika ndiyo inayojulikana kuwa nzima. Chaneli moja tu iachwe wazi kwa dharura, na anayeichezea aadhibiwe. Kuhusu siri za wagonjwa, sisi hatukutaja jina la mama hewani hata siku moja. Tulitaja hali yake na kijiji anachotoka.

Kubwa zaidi ni mazoezi. Redio iliyofungiwa kabatini ikingoja gharika itakutwa betri imekufa na panya wameshatafuna waya, na mtendaji aliyefundishwa kuitumia amehamishwa wilaya nyingine. Iwekwe zahanati, ifundishwe kwa mhudumu, kwa mwalimu, kwa nahodha na kwa kijana mmoja wa sekondari, iunganishwe na paneli ndogo ya sola, na iitwe kila asubuhi, kiangazi na masika.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inazitambua kamati mpaka ngazi ya kijiji. Kamati isiyo na sauti siku ya maafa ni orodha ya majina tu. Kwa hiyo naiomba TCRA, yenye dhamana ya masafa, itenge chaneli ya dharura ya vijiji na kuondoa gharama na usumbufu wa leseni kwa kamati zitakazoitumia. Naiomba Idara ya Menejimenti ya Maafa, iliyo chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, ianzie Rufiji, Kibiti na Mafia kabla ya masika yajayo. Nawe msomaji, katika mkutano wa kijiji unaokuja simama umuulize mwenyekiti: simu zikizimika usiku na maji yanapanda, nani atamwita nani, na kwa chombo gani? Asipokuwa na jibu, usikubali mkutano ufungwe.