Maoni: Tufundishe watoto wa ziwa kuchora boti zetu kwa rangi za maji

Katika nyumba nyingi za Goma, Bukavu na Uvira, ukiingia saloni utakuta picha ya meli ukutani. Mara nyingi ni meli ya matanga, iko kwenye bahari ambayo hakuna mtu wa nyumba hiyo amewahi kuiona, na picha yenyewe imetoka kiwandani mbali. Lakini nje, kwa mwendo mfupi wa mguu, kuna boti za mbao zinazopakia mihogo, makala na watu. Kuna mitumbwi mitatu mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, inayotoka jioni na taa zake kutafuta sambaza. Hizo hazina picha. Mtoto wetu anachora meli ya kitabuni bila shida, lakini ukimuomba akuchoree mtumbwi wa sambaza, anakwama.

Mimi naona tunapaswa kurekebisha jambo hilo, na dawa yake si ya bei kali. Shule za kandokando ya ziwa, parokia, vituo vya vijana na wazazi wenyewe wafundishe watoto kuchora boti na bandari zetu kwa rangi za maji, zile wanazoita akwareli kwa Kifaransa. Si lazima kila mtoto awe msanii. Lakini mtu anayejifunza kuchora boti analazimika kuiangalia, na sisi watu wa ziwa tumezoea kupanda boti bila kuziangalia.

Najua kuna watakaosema kwamba rangi za maji ni mambo ya Wazungu. Historia ya inchi yetu inasema vingine. Mwaka 1926, huko Bukama katika Katanga, mahali ambapo reli inakutana na mto Lualaba, mtumishi mmoja wa utawala wa Wabelgiji, Georges Thiry, aliona nyumba zenye kuta zilizochorwa vizuri. Akamtafuta fundi wake, akamkuta ni Albert Lubaki, mchonga pembe za tembo. Thiry akampa karatasi na rangi za maji. Mke wa Lubaki, Antoinette, naye alichora. Huko Kasai alikuwepo mwingine aliyejulikana kwa jina la Djilatendo. Mwaka 1929 kazi za Lubaki zilionyeshwa Bruxelles. Na mwaka 2015, pale Fondation Cartier ya Paris ilipofanya maonyesho makubwa ya sanaa ya Kongo, ilianza hesabu yake mwaka ule ule wa 1926. Kwa hiyo Wakongomani walishika brashi hii karibu miaka mia moja iliyopita, na mmoja wa wa kwanza aliishika katika mji wa bandari.

Tena rangi hizi zinafaa hali yetu. Hazitaki umeme, hazitaki mafuta. Zinataka kisanduku kidogo, brashi moja ao mbili, karatasi na kikopo cha maji. Hata rangi tatu zinatosha kuanza: nyekundu, manjano na buluu. Ukiongeza kahawia na kuichanganya na buluu nzito, unapata kijivu cha mawingu ya masika, na ukizidisha kidogo unapata weusi wa mawe ya volkano yaliyojaa ufukweni Goma. Shida kubwa ni karatasi. Ukurasa wa daftari ukilowa unajikunja. Karatasi nzito, ya gramu 300 kwa mita moja ya mraba, inavumilia maji vizuri. Mwenye karatasi nyepesi aibandike juu ya ubao kwa pande zote nne kabla ya kuilowesha, naye atafanya kazi.

Sasa mtoto anajifunza nini? Kwanza anajifunza kufikiri mbele. Katika rangi za maji hakuna haja ya rangi nyeupe: weupe ni karatasi yenyewe. Mwanga unaong'aa juu ya maji, shati jeupe la abiria, taa ya mvuvi, vyote hivyo unapaswa kuviachia nafasi tangu mwanzo. Unaanza na rangi hafifu, unangoja ikauke, kisha unaweka ya giza juu yake. Ukiharakisha, rangi zinaingiliana na boti inageuka kuwa matope.

Pili anajifunza umbo. Boti ina mbavu, ina tumbo, ina pua iliyoinuka. Upande ulio karibu nawe unaonekana wote, wa pili unajificha. Njia moja ya zamani ya kuanza ni kuchora namba 8 iliyolala na kuvutwa, kisha kutoa ndani yake mistari ya mdomo wa boti. Ndani ya maji, kivuli cha kitu kinashuka wima chini ya kitu chenyewe. Kitu cha giza kinaonekana chepesi kidogo majini, na kitu cheupe kinaonekana chenye giza kidogo. Upepo ukipita, kivuli kinakatikakatika. Milima ya mbali, kama ile ya Idjwi ukiwa Goma, inakuwa hafifu na ya buluu, wakati boti iliyo mbele yako ina rangi kali. Mtoto hahitaji kuambiwa hayo kwa maneno mengi. Mpeleke asubuhi, jua likiwa bado chini, umwache aangalie.

Tatu, na hapa ndipo ninapotaka wasomaji wanisikilize vizuri, anajifunza mstari wa maji. Hakuna mchoraji wa boti anayeweza kuukwepa mstari huo, yaani pale ubao unapokutana na ziwa. Ukiuweka chini mno, boti inaonekana kama inaruka. Ukiuweka juu mno, boti inaonekana inazama. Boti isiyo na mzigo inasimama juu, ubavu wake unaonekana wote, na kivuli chake majini ni kirefu. Ikipakiwa, ubavu unapungua, ubao mmoja unamezwa, kisha wa pili. Mchoraji anayekaa saa moja wakati boti inapakiwa analazimika kufuta mstari wake na kuupandisha, tena na tena.

Tarehe 3 mwezi wa kumi 2024, boti iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, ikiwa imebaki kidogo tu kufika. Barabara ilikuwa imefungwa kwa sababu ya vita, na watu waliona ziwa ndiyo njia iliyobaki. Makumi ya watu walikufa. Walioshuhudia kutoka ufukweni walisema boti ilikuwa imejaa kupita kiasi. Mwezi wa nne 2019 boti nyingine ilizama upande wa Kalehe, watu wengi wakapotea, na Rais Félix Tshisekedi akaamuru kila abiria avae jileti ya kuokoa maisha. Miaka mitano baada ya amri hiyo tulikuwa tukilia tena.

Huko Uingereza walipitia msiba wa namna hiyo katika karne ya 19. Wenye meli walikuwa wanajaza mizigo mpaka meli zinazama, na mabaharia wanakufa. Mbunge mmoja, Samuel Plimsoll, alipigana miaka mingi bungeni, na mwaka 1876 sheria ikataka meli zichorwe alama ubavuni kuonyesha mwisho wa mzigo. Ni mstari tu wa rangi juu ya ubavu wa meli. Ukizama chini ya maji, mzigo umepita. Hata mtu asiyejua kusoma anaweza kuuelewa, lakini lazima awe amezoea kuangalia pale.

Sisemi kwamba picha ya mtoto itazuia boti kuzama. Kazi ya kuhesabu abiria, kukagua boti na kukataza safari ni ya watawala wa bandari, na wajibu wa kwanza uko kwa mwenye boti anayekubali mzigo usiofaa. Hakuna mtu wa kuwaondolea deni hilo. Lakini sisi abiria tunapanda tukiangalia bei, tukiangalia saa, tukiangalia kama tutapata nafasi ya kukaa. Ubavu wa boti hatuuangalii. Mtoto aliyechora mstari wa maji mara ishirini hawezi tena kuupita bila kuuona. Siku moja atamshika mama yake mkono bandarini na kusema: mama, mbao zimeisha, tungoje ingine. Maneno hayo peke yake yanatosha kulipa bei ya kisanduku cha rangi.

Kuna na sababu ya ukumbusho. Fundi anayejenga boti ya mbao kandokando ya ziwa mara nyingi hana kitabu, umbo liko kichwani na mikononi mwake. Hata uvuvi wa sambaza una historia yake: samaki huyo hakuwa wa Ziwa Kivu, aliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Kwa hiyo wazee wetu wameona uvuvi huo ukizaliwa, na sisi hatujauchora. Picha za simu tunazo, lakini simu inaibiwa ao inaharibika, picha zinakwenda nayo. Na picha ya simu inapigwa kwa sekunde moja. Anayechora anapaswa kujua kila mti umefungwa wapi na kamba inapita wapi.

Nasikia tayari swali la msomaji: wakati huu wa vita, nani ana roho ya kuchora? Tangu Goma mwezi wa kwanza 2025 na Bukavu mwezi wa pili, familia nyingi zimepoteza watu, kazi na feza. Swali ni la haki. Sitamwambia mzazi anunue rangi mbele ya unga. Lakini kisanduku kimoja kinaweza kutumiwa na darasa zima kwa zamu. Na mtoto ambaye kwa miezi mingi macho yake yameona risasi na watu wanaokimbia ana haki ya saa moja ya kuangalia kitu kimya kimya na kukifanya kiwe kizuri kwa mkono wake. Kama tunangoja amani ikamilike ndipo tumfundishe kuangalia, atakuwa mzee.

Lakini hekima inatakiwa. Bandari zetu zinalindwa, na mtu mwenye karatasi ao simu anaweza kuzaniwa vibaya. Mwalimu asiende na watoto bila ruhusa ya mkubwa wa bandari. Wasichore watu wenye silaha wala mahali wanapokaa. Ni vizuri kuanza kwenye fukwe za wavuvi, penye watu wanaofahamiana na watoto, na kukaa mbali na ukingo unaoteleza. Juma la kwanza wachore mtumbwi mmoja uliovutwa nchi kavu, kwa buluu na kahawia tu. Juma la pili wauchore ukiwa majini pamoja na kivuli chake. Juma la tatu wachore bandari, lakini kwa vitu vitatu tu: milima, boti moja, na watu kwa alama chache za brashi. Baada ya kila picha wamuonyeshe mvuvi mwenyewe. Atacheka, kisha atawaambia mti huu haukai hapa, kamba hii inapita chini. Huyo ndiye mwalimu wa pili, na hatadai mshahara.

Kwa watawala wa bandari nina ombi moja. Ukuta ule ambapo mnabandika bei ya tiketi, waachieni watoto nafasi ndogo. Wabandike picha mbili za boti ile ile: moja ikiwa na mzigo wa haki, ingine ikiwa imejaa kupita kiasi, mstari wa maji ukiwa mwekundu kwenye zote mbili. Abiria wanaongoja watakuwa na kitu cha kuangalia, na wakimaliza kuangalia ukuta, watageuza macho kwenye boti.

Kwa walimu ninasema: somo la kuchora limo tayari katika ratiba ya shule za msingi, na mara nyingi tunalijaza na vikombe na nyumba zenye bomba la moshi ambazo hakuna aliye nazo hapa. Mwaka wa masomo unaanza mwezi wa tisa. Kabla ya hapo, chukua karatasi moja, nenda ufukweni na uchore mtumbwi mmoja wewe mwenyewe, ili watoto wakikuuliza mstari wa maji unakaa wapi, uwe na jibu.