Sheria Itoke Kwetu



Ukisimama kwenye mlango wa mto Ruvuma, huku ni Tanzania, ng'ambo ni Msumbiji. Samaki hawaujui mpaka huo. Wamakonde wapo pande zote mbili. Nani basi aliuweka?

Mwaka 1886 Wajerumani na Wareno walipatana kwamba Ruvuma iwe mpaka wa makoloni yao. Wenyeji hawakuulizwa. Kusini ya mlango wa mto upo mji mdogo wa Kionga. Sultani wa Unguja alikuwa akidai kuwa pwani ile ni yake. Mwaka 1894 Wajerumani waliuchukua mji huo. Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wareno waliuteka. Mwaka 1919, baada ya mkataba wa Versailles, huko Ufaransa, Wareno walipewa mji huo. Watu wa Kionga hawakuhama. Makaburi ya wazee wao yalibaki palepale. Lakini serikali iliyowatungia sheria ilibadilika mara kwa mara.

Hili ni jambo la kushangaza. Kwao Ulaya, watu hao hawakupenda kutawaliwa na wageni. Walipigana vita vya miaka 30, kuanzia 1618 hadi 1648, kwa ajili ya dini na utawala. Vita viliisha kwa mikataba ya Westphalia, huko Ujerumani. Baada ya hapo wazo moja lilikua polepole: kila nchi ina mipaka yake, na ndani ya mipaka hiyo inajitungia sheria bila kuingiliwa. Wazo hilo ni zuri. Lakini walipokuja kwetu waliliacha melini.

Wazee wetu hawakunyamaza. Mwaka 1888 watu wa Mikindani na Lindi waliwafukuza maofisa wa kampuni ya Wajerumani. Baadaye walishindwa kwa nguvu ya jeshi.

Mwaka 1961 tulipata uhuru. Katiba ya mwaka 1977 inasema kwamba mamlaka ya Serikali yanatoka kwa wananchi. Hata kijiji kinaweza kutunga sheria ndogo, kwa Sheria Namba 7 ya mwaka 1982. Lakini kwanza halmashauri ya kijiji lazima iwaite wananchi mkutanoni wazijadili. Kisha halmashauri ya wilaya huziidhinisha.

Wapo wanaosema, "Sheria ni kazi ya wakubwa." Mimi sikubali. Mtu asiyehudhuria mkutano hutozwa faini kwa sheria asiyoijua. Huyo hana tofauti na mtu wa Kionga wa zamani: mambo yake huamuliwa na wengine.

Ndugu, sasa unajua kusoma. Usitie sahihi karatasi usiyoisoma. Nenda mkutanoni. Omba sheria isomwe. Uliza. Bendera ni yetu. Na sheria nayo iwe yetu.

Maswali ya kuzungumza darasani
1. Sheria ndogo za kijiji chetu ni zipi?
2. Ni nani kati yetu alikuwapo zilipojadiliwa?