Ekografi ya mifupa: mashine bila mikono iliyofundishwa haitoshi

Tukisema ekografi, wengi wetu tunafikiria mama mwenye mimba. Lakini mashine ile ile inaweza kuonyesha mfupa uliovunjika, maji ndani ya kiungo, ao kipande cha mti kilichobaki ndani ya nyama, ambacho mara nyingi radio haikioni. Kwa vituo vya afya vya Kivu na Ituri visivyo na radio wala kuran, hilo si jambo dogo.

Motari anaanguka na abiria wake. Mchimbaji anaangukiwa na udongo. Muuguzi anapapasa mguu uliovimba na lazima akate shauri: amubakishe mgonjwa ao amutume mjini? Kumutuma ni kulipisha familia pikipiki na kuivusha kwenye barieri. Kumubakisha bila kujua, mguu unaweza kuunga vibaya na mtu akawa kilema maisha yote. Tangu Goma ilipoanguka mikononi mwa M23, mwisho wa Januari 2025, na uwanja wake wa ndege kufungwa, safari za wagonjwa zimekuwa ngumu zaidi. Wengine wanaishia kwa muungaji wa mifupa wa kijiji, juu yeye ndiye aliye karibu.

Siku hizi kuna sonda ndogo inayochomekwa kwenye simu. Butterfly iQ, iliyoanza kuuzwa 2018, ilitangazwa kwa dola karibu 2.000. Ni mingi kwa kituo cha kijiji, lakini ni kidogo sana ukilinganisha na chumba cha radio. Tena haina mionzi, na inatumia batri.

Basi shida iko wapi? Iko kwenye mikono. Radio inapiga picha na munganga anaisoma baadaye. Ekografi haiko vile: anayeshika sonda ndiye anayetafuta picha. Akiinamisha sonda vibaya, ukano mzima unaonekana kama umekatika. Mambo hayo hayafundishwi na projekta katika sale ya hoteli, siku tatu, perdiem na cheti.

Yanafundishwa kwa kupapasana. Wanafunzi wanaanza wao kwa wao, wajue mfupa mzima unavyoonekana: mstari mweupe usiokatika. Kisha wanakuja kwa wagonjwa, mwalimu akiwa pembeni, kila mara wakilinganisha upande unaouma na upande mzima. Wanajifunza pia ujanja wa pasipo kitu: mkono wenye maumivu unatiwa ndani ya beseni ya maji, sonda inapita juu bila kugusa ngozi. Jeli ikikosekana, watafiti walishajaribu uji wa unga wa muhogo, ila usipakwe kwenye kidonda.

Jirani zetu wametuonyesha njia. Katika hospitali mbili za vijijini Rwanda, waganga walifundishwa kwa wiki tisa, masomo pamoja na mazoezi. Matokeo yaliyochapishwa 2009 yalionyesha kwamba ekografi ilibadilisha matunzo ya wagonjwa 43 kwa 100. Kundi kubwa kuliko mengine lilikuwa la akina mama wajawazito, si la mifupa, lakini somo ni lile lile: muda na mazoezi.

Tuseme pia hatari yake. Ekografi haioni ndani ya mfupa, na uti wa mgongo ao nyonga vinaweza kuidanganya. Muuguzi aliyefundishwa nusu atamwambia mgonjwa "hauna kitu", naye atatembea juu ya mfupa uliovunjika. Picha safi isiyaondoe mashaka ya munganga.

Kwa maoni yetu, wafadhili wanaogawa mashine waulizwe kwanza: nani atafuatilia mafunzo mwaka wa pili? Kila zone ya afya ipate mtu wake wa kusimamia, picha zitumwe kwa munganga wa mjini mtandao ukipatikana, na shule za wauguzi, ITM na ISTM, ziingize mazoezi hayo katika programu. La sivyo, sonda zitalala ndani ya kabati, na motari wetu ataendelea kuchechemea.