DAWA ITIBU KIFUA, ISIVUNJE MGONGO



Tumezoea kudai glavu, buti na vitambaa vya kuzuia vumbi, na ni haki yetu. Lakini yuko adui ambaye bado hatujamwandika katika madai yetu, kwa sababu huingia kimya kimya pamoja na dawa. Adui huyo ni kudhoofika kwa mifupa ya wenzetu wanaomeza vidonge vya steroidi, hasa prednisoloni, kwa muda mrefu.

Vidonge hivi si sumu. Mwaka 1948 huko Marekani, dawa ya jamii hiyo ilimwinua mgonjwa wa baridi yabisi aliyekuwa akitembea kwa taabu kubwa. Tangu hapo dawa hizi zimewasaidia watu wengi wenye pumu na maradhi ya viungo. Hata hivyo, anayezimeza kila siku kwa miezi 3 au zaidi yumo hatarini, na mifupa hupungua kwa kasi zaidi katika miezi ya mwanzo. Pingili ya mgongo yaweza kubonyea bila mtu kuanguka. Kuinua gunia moja kwatosha. Ndipo msimamizi husema, "Huyu mvivu," au "Huyu amezeeka." Tunayakataa maneno hayo.

Kinga ipo. Daktari atoe kipimo kidogo kinachotosha, na kwa muda mfupi iwezekanavyo. Wenye pumu wapate dawa ya kuvuta kwa kinywa, ambayo huwapunguzia wengi haja ya vidonge. Mgonjwa apate kalsiamu miligramu 1000 hadi 1200 kwa siku, pamoja na vitamini D. Mukene, dagaa wetu wanaoliwa pamoja na mifupa yao, ni chakula bora, na maziwa vilevile. Mwenzetu wa zamu ya usiku asikose jua la mchana. Tutembee, tuache sigara, tupunguze waragi. Kwa walio katika hatari kubwa, daktari aweza kuongeza dawa ya mifupa kama alendroneti, kidonge kimoja kwa wiki, kinachomezwa asubuhi kwa maji kabla ya kula, na mtu asilale kwa nusu saa.

Tunaonya: asiache mtu vidonge hivi ghafla. Mwili uliovizoea huwa umepunguza kutengeneza homoni yake wenyewe, na kuacha kwa ghafla kwaweza kuua. Wala tusivinunue dukani kwa shauri la jirani.

Sasa tuje kwenye madai. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 iliweka mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza wa ugonjwa, na baada ya mwezi wa pili ikampa mwajiri nafasi ya kumwachisha mgonjwa kazi. Mgongo uliovunjika haufuati kalenda hiyo. Kwa hiyo mkataba wetu wa pamoja uandike mambo matatu: kazi nyepesi kwa anayetumia steroidi, gharama ya kinga ya mifupa iwe juu ya mwajiri, na vumbi lidhibitiwe viwandani ili vifua visiugue.

Kila tawi, kuanzia viwanda vya Kampala hadi mashamba ya miwa na chai, lilete hoja hii mezani. Mfupa wa mfanyakazi ndio mtaji wake. Tuulinde kabla haujavunjika.