Ufufuko wa Nani?

Wapo wasomi wanaopenda kutusimulia kwamba baina ya vita vikuu viwili Unguja ilishuhudia ufufuko wa utamaduni wa Kiarabu. Ushahidi wao ni Beit el Amani, ile nyumba ya makumbusho yenye kuba iliyojengwa mwaka 1925, na gazeti la Al-Falaq, lililoanzishwa na Jumuiya ya Waarabu mwaka 1929. Mimi niliye huku Mpanda, mbali na chumvi ya bahari, nauliza: ufufuko wa nani?

Beit el Amani ilichorwa na J. H. Sinclair, Mwingereza, ofisa mkubwa wa serikali ya ulinzi. Wakubwa zake ndio walioshikilia kwamba Unguja ni dola ya Kiarabu, maana hivyo walitawala kwa mgongo wa Sultani. Kuba ya mtawala mgeni yawaje fahari yetu?

Sisemi Waarabu hawakuwa na lao. Mwaka 1933, Yerusalemu, walifanya maonyesho yao wenyewe ya kitaifa, Mwingereza akiwatazama, na bibi mmoja, Zulfa al-Sa'di, akatundika humo picha alizochora za mashujaa wao. Pale watu walijionyesha wenyewe, sikuonyeshwa na bwana wao.

Unguja aliyefanya kazi ya namna hiyo ni Siti binti Saad wa Fumba, mtoto wa ukoo wa watumwa. Taarabu ya kasri ilikuwa ya Kiarabu. Yeye akaiimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 akavuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri. Hakuhitaji kuba.

Na fahari ile ya Mji Mkongwe ililipiwa na nani? Njia ya misafara kutoka Tabora kuelekea Karema, ziwani, ilipita Ukonongo, hapa hapa kwetu. Pembe za ndovu zilishuka pwani mabegani mwa wapagazi, na watu waliofungwa minyororo waliandamana nazo. Tajiri anatajwa kwa jina, na jina la baba yake, na la babu yake. Mpagazi ni "mpagazi" tu. (Hata neno letu ustaarabu lina Mwarabu ndani yake, nasi tunawafundisha watoto bila kushtuka.)

Basi anayetaka kutuletea Katavi maonyesho ya ustaarabu wa pwani, karibu. Ila chumba cha kwanza kiwe cha mzigo: pembe yenyewe, uzito wake, na mwendo kutoka Karema hadi Bagamoyo. Milango ya nakshi tutaitazama baadaye.