Ufunguo mmoja, milango mingi: faida na hatari ya kuingia kwa Google ao Facebook

KAMINA – Kwenye simu za vijana wengi, kitufe ni kile kile: «Endelea na Google» ao «Endelea na Facebook». Mtu anayetafuta kazi ao masomo anabonyeza, anaingia, hakuna neno la siri jipya la kukumbuka. Lakini nyuma ya kitufe kuna nini?

Tovuti inamtuma mtu kwa Google. Google inahakikisha ni yeye, kisha inapatia tovuti kibali: huyu tunamjua. Neno la siri lenyewe tovuti hailioni. Hiyo ni faida kubwa: tovuti ndogo ikiibiwa, wezi hawakuti neno la siri pale.

Shida ni kwamba milango yote inategemea ufunguo mmoja. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook ilizimika dunia nzima kwa karibu saa sita. Waliozoea kuingia kwingine kwa Facebook, nao walibaki inje. Mbele ya pale, mu Septemba 2018, wezi walichukua vibali vya konti za Facebook karibu milioni 30. Facebook ilisema haikuona alama kwamba vilitumiwa kwenye tovuti zingine, lakini watu waliona vile mlango mmoja unaweza kufungua nyumba nzima.

Kwetu, hatari iko karibu zaidi. Simu moja inatumiwa na watu wengi ndani ya nyumba. Kwenye cyber, mtu anabonyeza «toka» kwenye tovuti, anaenda zake, kumbe konti ya Google imebaki wazi kwa anayemfuata. Na namba ya simu isiyotumiwa muda mrefu, kampuni inaweza kuipatia mtu mwingine. Kama konti inafunguliwa kwa ujumbe wa namba ile, mwenye namba mpya anaweza kuingia.

Kongo iko na sheria: Kodi ya Dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inalinda habari za mtu binafsi. Lakini sheria haifungi konti iliyoachwa wazi.

Basi, kabla ya kukubali, soma kwanza tovuti inaomba nini: jina tu, ao pia orodha ya marafiki? Kwenye simu ya mwingine, toka hata kwa Google. Ukibadilisha namba, badilisha pia kwenye konti, siku ile ile. Ufunguo mmoja si mbaya; mbaya ni kuuacha mlangoni.